Waliotazama Mbingu Pamoja



Kila ifikapo tarehe 29 Shaaban, baada ya Magharibi, simu haziishi: "Umeonekana?" Kila mtu anamuuliza mwenzake, na waliotoka nje kuangalia ni wachache mno. Tunangoja tangazo la Kadhi Mkuu, kisha tunaanza kubishana juu ya mwezi ambao hatukuutafuta. Hebu leo tuwakumbuke wale waliotoka nje.

Tuanze na mabaharia. Majahazi ya Lamu, Mombasa na Unguja yaliyokwenda Uarabuni kwa pepo za msimu yalifuata nyota usiku. Katika karne ya 15, Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar (Ras al-Khaimah ya leo), aliandika vitabu vya ubaharia, na kimoja kinaeleza njia ya bahari hadi Sofala, kusini mwa pwani yetu. Chombo chao kilikuwa kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, cha kupimia nyota iko juu kiasi gani. Elimu hiyo ilishikwa chomboni, mdogo akikaa ubavuni mwa mkubwa usiku kucha.

Wakulima nao walikuwa na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Na huku Kajiado, Wamaasai walikitazama kishada hichohicho, wakakiita Inkokua, wakajua nacho majira ya mvua. Mvuvi wa Lamu na mchungaji wa Kajiado hawakujuana, lakini alama yao mbinguni ilikuwa moja!

Nyuma ya Kilimia kuna nyota nyekundu nyekundu, ambayo Wazungu huiita Aldebaran. Hilo ni neno la Kiarabu, ad-dabaran, yaani mfuataji, kwa kuwa hukifuata Kilimia. Majina mengi ya aina hii yalihifadhiwa na wanazuoni kama Abdul-Rahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota mwaka 964.

Enzi zetu je? Mnamo 30 Juni 1973 jua lilipatwa kabisa, na wapenzi wa nyota wa nchi za mbali wakasafiri hadi Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf. Likapatwa tena 16 Februari 1980, kusini mashariki mwa Kenya. Ijumaa asubuhi, 15 Januari 2010, Nairobi na viunga vyake waliliona jua likiwa pete kwa dakika kama sita au saba. Watu hutishika siku kama hizo, lakini Mtume (s.a.w.), jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwafundisha watu kuwa jua halipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake. Akawaswalisha pamoja.

Tarehe 3 Novemba 2013 watu walikusanyika tena Turkana. Dakika za mwisho dhoruba ya mchanga na mawingu vikawaharibia wengi. Jamani, safari yote ile! Lakini watu wa nyota hawachoki. Mwaka uliofuata, 2014, Mkenya Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, wakawa wanapeleka darubini mashuleni. Mtoto anaweka jicho, anaona pete za Zuhali, anapiga kelele, na mwenzake aliye nyuma anasema, "Nipishe na mimi!" Mapenzi ya nyota ndivyo yanavyoambukizana.

Sasa turudi kwetu Nkoroi. Magharibi yetu kuna vilima vya Ngong, vinavyofika karibu mita 2,460. Kwa hesabu ya mwandishi, vinatuziba kama daraja nne za mbingu. Mwezi mchanga ukifikia hapo umeshapotea kwetu, na aliye upande wa pili wa vilima anaendelea kuuona karibu robo saa. Basi kijana wa Nkoroi akisema "sikuuona", amesema kweli. Na wa ng'ambo akisema "nimeuona", naye kweli. Nani mwongo hapo? Hakuna! Kila mmoja ana kilima chake, ndiyo maana tunahitajiana.

Tatizo jingine ni taa. Nyumba zinaongezeka kutoka Rongai hadi Kiserian, na mwanga unazila nyota. Tukichelewa, watoto wetu watakijua Kilimia kwa jina tu.

Kwa hiyo vijana wenzangu, tarehe 29 ijayo tukusanyike mahali palipo wazi: kaka, dada, wazee, na jirani asiye Mwislamu akipenda. Tangulieni kabla jua halijazama, na msilitazame jua lenyewe kwa macho wala kwa darubini. Likishazama, angalieni palepale lilipozamia. Mkiuona mwezi, pelekeni habari kwa maimamu. Msipouona, mtakuwa mmekaa pamoja chini ya mbingu moja, na mwaka huu mtabishana kidogo zaidi.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.