Gari la safari likikwama: Jinsi ya kuchagua huduma ya dharura barabarani

MKAZI wa Timbwani aliye na gari la safari anaijua raha yake. Nyuma kuna kitanda, pembeni jiko dogo la gesi na tangi la maji, na juu ya paa hema lililokunjwa. Likizo ya shule inapofika, familia hujipakia alfajiri na kuelekea Tiwi, Diani, Shimba Hills au Tsavo, na wengine huvuka mpaka wa Lunga Lunga hadi Tanga.

Wasichokijua wengi ni kwamba gari hilo likizimika usiku katikati ya safari, hati ya bima waliyoilipia kila mwaka huenda isiwaletee hata fundi mmoja. Hapo ndipo baba hubaki kando ya barabara akipiga simu huku na huku, watoto wamelala garini, na dereva wa kwanza wa lori la kukokota magari anayejitokeza hutaja bei aipendayo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua huduma ya dharura barabarani kwa magari ya aina hiyo, hasa kwa wakazi wa Likoni na viunga vyake, ambao jiografia yao ina mambo yasiyowahusu wenzao wa Nairobi au Nakuru.

Bima si msaada wa barabarani

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya huwalinda watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa na gari lako. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho 2006, fidia yake ina kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mtu. Haikuahidi kukukokota.

Bima kamili, ambayo hulinda gari lako mwenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, aghalabu huwa na kipengele cha gharama za kuliondoa gari barabarani. Hata hivyo, kipengele hicho kwa kawaida hutumika baada ya ajali na huwa na kiwango cha juu cha fedha. Betri kuisha nguvu, pancha, mafuta kukauka au rejeta kuvuja si ajali. Hati nyingi huandika wazi kwamba hitilafu za mitambo hazimo.

Kwa hivyo, msaada wa barabarani hununuliwa kivyake, na kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni uanachama wa chama cha wenye magari. Nchini Kenya chama kikongwe ni AA Kenya, ambacho chimbuko lake ni 1919. Ya pili ni kipengele cha ziada kinachoongezwa kwenye bima kamili. Ya tatu ni mkataba na kampuni ya kibinafsi inayomiliki malori ya kukokota.

Katika njia ya pili kuna jambo la kuangaliwa. Kampuni ya bima mara nyingi haina malori yake yenyewe, bali huingia mapatano na kampuni nyingine. Muulize wakala ni nani hasa atakayekuja na lori lake hulala wapi.

Kivuko ndicho kinachoamua

Timbwani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni. Kati yake na kisiwa cha Mombasa kuna mkondo wa bahari ambao magari huuvuka kwa feri. Huduma inayotangazwa kuwa “inapatikana Mombasa” yaweza kumaanisha kisiwani, Changamwe au Nyali. Lori likitoka huko kuja Likoni, laweza kupanga foleni ya feri pamoja na magari mengine.

Njia mbadala ni barabara ya Dongo Kundu. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2018, na sasa inatoka Miritini hadi Kibundani, Kaunti ya Kwale, ambako inaungana na barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Barabara hii imewapunguzia wakazi wa kusini utegemezi wa feri, lakini kwa lori linalotoka kisiwani ni mzunguko mrefu, na kila kilomita huenda ikahesabiwa kwenye ankara yako.

Muulize mwuzaji bila kuficha: “Nikikwama Timbwani saa mbili usiku, lori litatoka wapi, litapita njia gani, na nauli ya feri italipwa na nani?” Akijibu kwa maneno ya jumla, jua kwamba hana mtu upande huu wa maji.

Aidha, usikubali gari bovu livutwe kwa kamba hadi ndani ya feri. Gari ambalo injini yake imezimika hupoteza nguvu ya ziada ya breki na usukani, na njia ya kuingilia feri ina mteremko. Wakazi wa Likoni hawajausahau mkasa wa Septemba 29, 2019, wakati gari lilipoteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee na kusababisha vifo vya mama na bintiye. Gari bovu na livuke likiwa limefungwa barabara juu ya lori, au lizungushwe kupitia Dongo Kundu.

Pima uzito kabla ya kutia sahihi

Mikataba mingi ya msaada wa barabarani iliandikwa ikiwa na saluni ya watu watano akilini. Gari la safari ni kitu kingine. Land Cruiser tupu peke yake hukaribia au hupita tani mbili. Ongeza tangi la maji la lita 80, ambalo ni kilo 80, kisha mtungi wa gesi, betri ya pili, hema la paani, vyakula na abiria. Vani kubwa iliyogeuzwa kuwa chumba cha kulala huwa nzito zaidi, na urefu wake waweza kulishinda lori dogo.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Nchini Marekani, ambako magari-nyumba ni mengi, chama cha AAA kilichoanzishwa 1902 huyatoza magari hayo malipo ya ziada juu ya uanachama wa kawaida, kwa sababu kuyakokota kunahitaji vifaa vizito.

Lipeleke gari lako kwenye mizani likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Andika uzito, urefu na kimo pamoja na mizigo ya paani, kisha udai vipimo hivyo viingizwe kwenye mkataba. Maneno “gari dogo la kibinafsi” yasipokolingana na ulichonacho, kampuni itapata sababu ya kukukatalia siku ya dhiki.

Mwenye trela awe mwangalifu zaidi. Trela husajiliwa peke yake, kwa nambari inayoanza na herufi Z. Gari likiharibika na trela ikiwa nyuma, lori moja halitoshi. Uliza iwapo mkataba unazihusu zote mbili, ama trela itaachwa porini.

Kukokotwa au kubebwa?

Magari mengi ya safari huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari ambalo muda wote huendeshwa hivyo likiinuliwa mbele na kuburutwa magurudumu ya nyuma yakizunguka, giaboksi na difu zake zaweza kuharibika. Magari mengi ya giaboksi ya otomatiki nayo yana masharti ya kukokotwa, na kitabu cha mtengenezaji huyaeleza.

Kwa magari kama hayo, dai lori lenye kitanda bapa, linalolibeba gari zima mgongoni. Kama mkataba unasema tu “kukokota”, omba neno hilo lifafanuliwe. Ni hasara kulipia msaada unaogeuza hitilafu ya betri kuwa ununuzi wa giaboksi.

Hesabu kilomita

Huduma nyingi hutoa kilomita kadhaa bila malipo, kisha hutoza kila kilomita ya ziada. Tuchukue mfano. Mkataba wako unakupa kilomita 50, na bei ya ziada ni Sh150 kwa kilomita. Ukikwama Diani, takriban kilomita 30 kutoka Likoni, hulipi kitu. Ukikwama Voi, takriban kilomita 150, unadaiwa kilomita 100, yaani Sh15,000. Ikiwa kampuni huhesabu kwenda na kurudi, deni linapanda maradufu na zaidi.

Kwa hiyo, usichague kwa kutazama bei ya mwaka peke yake. Chukua safari yako ya mbali zaidi katika mwaka, gari likiwa na mzigo wake mzito zaidi, kisha ujiulize ungedaiwa kiasi gani. Mtu ambaye hafiki zaidi ya Diani mara mbili kwa mwaka huenda asihitaji mkataba wa bei ghali. Fundi mwaminifu wa Likoni, nambari ya mwenye lori aliyekubaliana naye bei mapema, na akiba iliyowekwa kando vyaweza kumtosha. Anayekwenda Tsavo kila likizo hana budi kununua huduma yenye kilomita nyingi.

Mbugani na mpakani

Ndani ya mbuga za kitaifa, mgeni haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Si kila kampuni iko tayari kutuma lori ndani ya mbuga. Nyingine humtaka mteja afikishwe langoni kwanza. Uliza kabla. Ukikwama humo, baki garini, na uwapigie simu wahudumu wa mbuga kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mpakani pia pana mtego. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutambuliwa Tanzania pia, hulinda watu wengine unaowadhuru ukiwa nje ya nchi yako. Haitengenezi gari lako wala kulirudisha nyumbani. Msaada wa barabarani ulionunuliwa Kenya nao aghalabu hukoma mpakani, isipokuwa mkataba utaje Tanzania kwa jina. Anayekwenda Tanga au Pangani na adai jambo hilo kwa maandishi.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa, pata majibu yaliyoandikwa kwa haya: Je, simu hupokelewa saa 24 na siku za sikukuu? Mwaka mmoja unaruhusu miito mingapi? Je, mkataba unalifuata gari au mtu? Ikiwa ni mtu, mkeo au mwanao akiendesha atasaidiwa? Je, huduma huanza siku ya malipo au kuna siku za kungoja? Abiria watasafirishwaje gari likibebwa? Nikimwita mtu mwingine kwa sababu mmechelewa, mtanirudishia fedha?

Ikiwa huduma imefungamanishwa na bima, hakikisha kampuni hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA). Mzozo ukizuka, huko ndiko pa kupeleka malalamishi.

Likikwama kweli

Lisogeze gari nje ya lami ikiwezekana. Washa taa za tahadhari na uweke pembetatu zinazoakisi mwanga mbele na nyuma, kwa umbali wa kumpa dereva anayekuja nafasi ya kufunga breki. Funga mtungi wa gesi. Watoe abiria garini na uwaweke mbali na barabara, isipokuwa uko mbugani. Mtajie mpokea simu kijiji, jengo au daraja lililo karibu, uzito wa gari na aina ya magurudumu yanayoendesha. Kubalianeni bei ya ziada kabla gari halijapandishwa.

Tena, mkataba bora ni ule usiotumika. Hewa ya chumvi ya Pwani hula vichwa vya betri na nyaya, na gari la safari hukaa miezi bila kuwashwa. Wiki moja kabla ya safari, safisha betri, kagua tairi la akiba, jeki, mikanda na maji ya rejeta.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa mkazi wa Timbwani, tahadhari hiyo ni kuusoma mkataba akiwa bado sebuleni, na kuhakikisha kwamba atakayeitwa usiku ana lori linaloweza kulibeba gari lake na njia ya kumfikia ng'ambo hii.