Kukwama kwa uzito

Kukwama kwa uzito ni hali inayompata mtu anayepunguza mwili kwa kuhesabu kalori, pale uzito unapogoma kushuka kwa wiki kadhaa ilhali yeye anaamini anakula kama alivyokuwa akila. Humfika karibu kila anayepunguza mwili, mara nyingi baada ya miezi michache ya mafanikio, na ndipo wengi hukata tamaa. Si ugonjwa, wala si dalili ya uvivu.

Chanzo cha kwanza ni hesabu yenyewe, kwa kuwa mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Tuseme mwanamke ana miaka 40, kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 90. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwili wake hutumia takriban kalori 1,540 kwa siku akiwa amepumzika tu; ukiongeza pilikapilika za mtu asiyefanya kazi nzito, zinafika kama 2,150. Akila kalori 1,800, upungufu ni 350. Akishuka hadi kilo 78, matumizi yake ni kama 1,990, na sahani ileile inamwachia upungufu wa 190 tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kwa hiyo kilo iliyokuwa ikitoka kwa siku 22 sasa inadai zaidi ya siku 40.

Juu ya hapo, mwili hubana matumizi. Leptini, homoni inayotuliza njaa, hupungua, hivyo njaa huongezeka, na mtu hutembea na kujishughulisha kidogo zaidi bila kujua. Mwaka 1995 mtafiti Leibel na wenzake walionyesha kwamba waliopoteza sehemu ya kumi ya uzito wao walitumia nishati kidogo kuliko ile iliyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa huo. Hata hivyo, mwili hauzimiki. Katika jaribio la mtafiti Ancel Keys huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 walilishwa chakula pungufu kwa miezi sita. Mwili wao ukiwa umepumzika ulipunguza matumizi kwa takriban asilimia 40, lakini bado walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Chanzo kinachosahaulika zaidi kiko jikoni. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu 10 waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Ila chakula walichoripoti kilikuwa pungufu ya walichokula kwa asilimia 47. Si haki kuwaita waongo, kwa maana kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Anayemimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kisha akaonja mchuzi mara tatu na kutafuna karanga huku akisubiri maharage yaive, ameshaumaliza ule upungufu wa 190. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili vidogo vya sukari, vina kalori 130 hata kabla ya maziwa. Programu za simu za kuhesabu kalori nazo huchanganya watu. Gramu 100 za mchele zina kalori zipatazo 360, lakini gramu 100 za wali mweupe zina kama 130, na Kiingereza huviita vyote viwili kwa neno moja. Anayepima mchele na kuandika kalori za wali anakula karibu mara tatu ya alichoandika. Ndivyo ilivyo pia kwa unga na ugali.

Maji nayo huficha ukweli. Chumvi nyingi, siku za kabla ya hedhi au mazoezi mapya vinaweza kuongeza kilo moja au zaidi ya maji, na katika wiki mbili upungufu wa 190 hutoa gramu 350 tu za mafuta. Ndiyo maana ni afadhali kujipima kila asubuhi, kisha kulinganisha wastani wa wiki kwa mwezi mzima, na kupima kiuno kwa futi kamba.

Kabla ya kupunguza chakula zaidi, mtu apime kila kitu kwa mizani ya jikoni kwa siku 14, mafuta yakiwemo, na afanye hesabu upya kwa uzito alionao sasa. Kama bado panahitajika upungufu, kutembea zaidi kila siku ni bora kuliko kujinyima mlo. Samaki, dagaa, mayai na kunde humshibisha na, pamoja na mazoezi ya nguvu, husaidia kulinda misuli.

Anayetumia insulini, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo wasipunguze kalori kwa hesabu ya simu peke yake. Wamwone kwanza daktari au mtaalamu wa lishe.