Moshi wa Bariadi, mwani wa Ziwa Victoria

Msimu wa pamba ukiisha Simiyu, mkulima hutakiwa kung'oa masalia, kuyalundika na kuyachoma. Sababu anaijua kila mtu kuanzia Bariadi hadi Meatu: wadudu wasipate pa kujificha kiangazi. Kisichozungumzwa ni kule moshi unakokwenda. Kati ya Juni na Septemba upepo mkuu wa huku hutoka kusini-mashariki. Ukiufuata kutoka Bariadi, hupiti wilaya nyingi kabla ya kufika Ghuba ya Speke, na mbele yake Ziwa Victoria lenyewe.

Moshi huo una naitrojeni. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini iliyofungana kiasi kwamba mmea hauwezi kuitumia. Radi huifungua kidogo, na bakteria walio kwenye mizizi ya choroko na dengu huifungua zaidi. Jani likiungua, sehemu ya ile iliyokuwa ndani yake hurudi angani ikiwa tayari kuliwa. Zizi nalo linachangia: ile harufu kali inayowasha macho alfajiri, pale mkojo wa ng'ombe ulipotuama, ni amonia inayopaa. Mvua ya kwanza ya vuli huosha sehemu ya naitrojeni hii kutoka angani. Nyingine hutua kavu, pamoja na vumbi.

Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban asilimia 80 ya maji yake huingia kama mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Kwa hiyo tunapoulaumu Mto Simiyu kwa tope lake, lawama ambayo kweli unastahili, tunasahau mlango mkubwa zaidi ulio juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2005 mtafiti Mtanzania Rashidi Tamatamah na wenzake walichapisha vipimo vya fosforasi, kirutubisho kinachokwenda sambamba na naitrojeni. Walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia ziwani hutoka angani, na sehemu kubwa yake huja kavu. Upande wa Kenya, kituo cha Mbita kimepima naitrojeni ya mvua na ya gesi, na matokeo yake yalichapishwa 2021.

Fosforasi ikizidi, mwani hustawi, hasa bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao huichota naitrojeni ya hewa wenyewe. Rose Mugidde wa Uganda na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba njia hiyo ndiyo inayoliingizia ziwa naitrojeni nyingi kuliko zote. Anga hulilisha ziwa mara mbili: kwa mvua na vumbi, kisha kwa viumbe ambao mvua na vumbi hivyo vimewanenepesha.

Mambo haya yalianza lini? Jibu lilikuwa kwenye tope la sakafu ya ziwa. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walieleza kwamba mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo. Sangara, tunayependa kumtwisha kila kosa, aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Huku Usukumani, miaka ile ya 1920 na 1930 ilikuwa ya kufyeka vichaka. Charles Swynnerton aliongoza vita dhidi ya mbung'o Shinyanga, watu wakaitwa kwa wingi kukata miti, na nyuma yao wakaja ng'ombe na pamba. Sidai kwamba Msukuma peke yake ndiye aliyelichafua ziwa. Kisumu, Kampala na Mwanza wana sehemu yao. Ila tarehe zinakaribiana mno kupuuzwa. Mradi wa kurudisha uoto wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, uliwarudisha watu kwenye ngitili, malisho yaliyofungwa yasiliwe wala kuchomwa. Lengo lilikuwa miti na majani, na hakuna aliyekuwa akiliwaza ziwa.

Baharini hali ni ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2008 Robert Duce na wenzake walikadiria kwamba naitrojeni ya angani inayotokana na shughuli za binadamu huenda imefikia hadi kama theluthi moja ya ile inayoingia bahari kuu kutoka nje. Pwani yetu pia ina wachotaji wake wa naitrojeni: Charles Lugomela na wenzake walichunguza bakteria wa kijani-buluu aitwaye Trichodesmium katika maji ya Tanzania. Huyu huongezeka wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na kupata joto.

Simiyu ina sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi miji na vijiji vya mkoa huu, Bariadi ikiwamo. Maji yenye mwani mwingi huziba vichujio haraka na hudai dawa zaidi, na gharama hiyo hatimaye huingia kwenye bili ya mtumiaji.