"Waliobakishwa Nyuma" ni Akina Nani?



Sisi mafundi wa hapa Mpui tunajulikana kwa "njoo kesho". Juzi bibi harusi alifuata gauni lake, nasi hata kitambaa hatujakata. Tukasingizia umeme. Usiku tukamkumbuka Ka'b bin Malik.

Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina kwenda Tabuk, joto likiwa kali. Ka'b alikuwa na uwezo. Kila siku alitoka kujiandaa, akarudi hajafanya kitu, mpaka msafara ukaondoka. Uliporudi, wengi waliapa kuwa na udhuru. Mtume akapokea maneno yao, ya moyoni akamwachia Allah. Ka'b, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya walikiri kuwa hawakuwa na udhuru. Watu wakakatazwa kusema nao, siku 50. Siku ya 40 wakaamriwa kutengana na wake zao. Mke wa Hilal akaomba ruhusa amhudumie mumewe mzee, akaruhusiwa. Kisha tawba yao ikakubaliwa.

At-Tawba aya ya 118 inawataja kwa neno "khullifu", waliobakishwa nyuma. Mzizi wake ndio wa "halafu" yetu. Wengi hudhani maana yake ni kuachwa na msafara. Ka'b mwenyewe alieleza: ni shauri lao lililowekwa nyuma, lisiamuliwe pamoja na la walioapa.

Kuchelewa kuliwaponza, ukweli ukawaokoa. Asubuhi tulimpigia yule binti: umeme ulikuwepo, sisi ndio tulizembea. Tuwie radhi.