Kwale Wawili wa Milima ya Tanzania
Kwale wa Udzungwa aliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1994, ingawa wawindaji walimjua kabla: mwaka 1991 watafiti walishtuka kuona miguu yake ndani ya sufuria ya mchuzi kambini. Jamaa yake wa milima ya Rubeho, mdogo zaidi kwa umbo, alielezwa mwaka 2003 kama nususpishi tu. Mwaka 2005 vinasaba vikawafanya watafiti Bowie na Fjeldså wamhesabu kuwa spishi kamili. Wapo wanaopinga, wakisema wawili hawa wanafanana mno. Ni kweli manyoya yanakaribiana, lakini ndege hawa wa kutembea chini ya miti hawavuki kwa urahisi nyanda kavu zinazoitenga milima hiyo. Wahesabiwe wawili, na msitu wa Rubeho ulindwe kama wa Udzungwa.