Sahani za Santuri za Siti binti Saad

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, ambaye zamani aliuza vyungu mjini, alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kutiwa sauti katika sahani za santuri za His Master's Voice. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu. Sahani hizo zilikikalisha Kiswahili mahali pake, tena zikakifikisha kwa watu wa pwani na bara ambao hawakupata kumwona mwimbaji.

Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi, na nyimbo za kukeshea ilibidi zifupishwe. Hasara hiyo ni ndogo. Kubwa ni ya maana, kwa kuwa nyimbo nyingi Siti na wenzake walizitunga juu ya visa vya mji wao. Wimbo wa Kijiti wahusu kuuawa kwa mwanamke aliyetoka Dar es Salaam: muuaji alitorokea bara, mashahidi ndio walioadhibiwa. Mkazi wa Ng'ambo alitajiwa jina tu akaelewa, na lawama kwa mahakama ya wakoloni akaisikia. Msikilizaji wa mbali aliambulia sauti tamu na fumbo lisilo mfumbuzi.

Siti alifariki mwaka 1950. Ufumbuzi ulibaki vinywani mwa waliohudhuria baraza zake, na wimbo ukaendelea kuimbwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, mbele ya wengi wasiomjua Kijiti ni nani.