Hewa ya Kale Iliyonaswa Barafuni

Mwaka 1965, katika pwani ya Adélie huko Antaktika, mtafiti Mfaransa Claude Lorius na wenzake walimaliza kazi ya kuchimba barafu, wakatumbukiza vipande vyake kwenye glasi za wiski. Vilipoanza kuyeyuka, viputo vikapanda juu na kupasuka. Lorius akang'amua kwamba hewa ile ilinaswa humo zamani sana, na kwamba atakayeweza kuipima ataijua angahewa ya enzi hizo.

Sehemu kubwa ya theluji ya Antaktika haiyeyuki. Ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, uzito ukaikandamiza, hadi kwenye kina cha mita 60 hadi 100 hivi nafasi zote kati ya punje zikazibika. Hewa iliyokuwamo haina tena pa kutokea.

Mahali pazuri pa kuitafuta palikuwa Vostok, kituo cha Kisovieti kilichofunguliwa mwaka 1957 katikati ya bara hilo. Mwezi Julai 1983 baridi ilifika hapo nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Wachimbaji walikuwa wameshateremka kina kirefu, lakini utaalamu wa kupima ulikuwa Grenoble, Ufaransa. Vita Baridi vikiwa bado vikali, Wasovieti wakatoa barafu, Wamarekani wakatoa ndege, Wafaransa wakafungua maabara zao.

Kipande cha barafu kiliwekwa kwenye chombo kilichonyonywa hewa yote, kikapondwa kikiwa kingali kimeganda. Hewa ya kale ikatoka, ikapimwa. Barafu yenyewe nayo ilieleza hali ya joto, kwa kiasi cha hidrojeni nzito kilichomo.

Majibu yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la Nature, yakigusa miaka 160,000. Zama za baridi kali, kabonidayoksidi ilikuwa chini ya molekuli 200 katika kila molekuli milioni moja za hewa. Zama za joto ilipanda hadi karibu 280. Joto na gesi vilipanda na kushuka pamoja. Mabadiliko madogo ya mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua ndiyo yaliyoanzisha safari hizo. Gesi iliyotoka baharini ikaongeza joto zaidi ya lile ambalo mzunguko peke yake ungelileta.

Mwaka 1999 barafu ya Vostok ilirudisha kumbukumbu hadi miaka 420,000. Baadaye watafiti wa Ulaya, waliomaliza kuchimba Dome C, hukohuko Antaktika, mwaka 2004, wakafika miaka 800,000. Katika muda huo wote kabonidayoksidi haikuwahi kuvuka 300 na ushei.

Vipimo vya moja kwa moja vilipoanza mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa imeshafika 315 hivi. Leo imepita 420, kutokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma.

Wapo wanaosema kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani. Ni kweli, na barafu hii ni miongoni mwa mashahidi wakubwa wa jambo hilo. Shahidi huyohuyo anasema kwamba binadamu wa leo anavuta hewa yenye kabonidayoksidi nyingi kuliko wakati wowote katika miaka 800,000. Anayepokea nusu ya kwanza ya ushahidi huo hana budi kuipokea na ya pili.